FreeCAD 1.0: Badili Unene wa Plaiwudi, Droo Nzima Ifuate

Haya wadau, karibuni tena. Tuko ndani ya FreeCAD, programu ya kompyuta ya kuchora vitu kwa vipimo kabla ya kuvitengeneza. Leo sifundishi kuchora boksi, hilo mnalijua. Leo ni kitu kimoja tu kilichonikesha hadi saa nane usiku: vipimo vilivyounganishwa, yaani unabadili kimoja, vingine vinafuata.

Tazameni hii droo. Upana milimita 400. Plaiwudi niliuziwa kwa jina la milimita 18. Nimekata mbao zote, nafika kwenye kuunga, ubao unacheza kwenye mfereji niliouchonga kuupokea, kama jino la mtoto wa miaka sita! Napima kwa venia, kile kifaa cha kupimia unene: 17.2. Nilitamani kulia.

Sasa angalieni skrini. Hii ni lahajedwali, nimeiita Vipimo. Seli hii nimeandika 18 mm, nikaingia kwenye sifa zake, nikaipa jina: unene. Imegeuka njano, yaani jina limekubalika. Ya chini yake ni upana. Naenda kwenye ubao wa nyuma, ule unaokaa katikati ya mbavu mbili. Zamani ningeandika 364 kwa mkono. Leo nabonyeza alama ya sawasawa, kinafunguka kidirisha cha fomula, naandika upana, toa unene mara mbili. Mfereji je? Upana wake ni unene, basi.

Narudi kwenye jedwali. Nafuta 18, naweka 17.2... Mmeona?! Ngojeni nirudie. 18. 17.2. Ubao wa nyuma umekuwa 365.6 wenyewe, mifereji imebana. Naweza kukaa hapa nachezea hii seli mpaka bando liishe.

Ila jamani, uandishi wa hizo fomula! Kuita jedwali kwa jina nililolipa mimi, lazima nilizungushie vimshale viwili kushoto, viwili kulia. Na ukijumlisha milimita na namba tupu, tuseme 5, inakataa. Mwanzoni nilichukia, siku hizi naona ina haki: 5 nini? Mita?

Kwa kweli, kwa kazi ndogo kama hii msihangaike na jedwali. Toleo la 1.0, lile la Novemba 2024, limeleta VarSet: unaorodhesha vipimo vyako sehemu moja, hakuna seli wala rangi ya njano. Toleo hilohilo limepunguza ule ugonjwa wa zamani: unabadili kipimo kimoja, programu inazipa nyuso namba upya, tundu lako linahamia ubavuni. Limepunguza, sijasema limemaliza.

Najua kuna mtu atasema Fusion, programu nyingine ya kuchora kama hii. Fusion ni tamu, meza yake ya vipimo ni safi kuliko hii, nakubali. Lakini leseni ya bure ina kikomo cha mafaili 10 unayoweza kuhariri kwa wakati mmoja, na mimi kabati moja tu lina zaidi ya hapo. SolidWorks, nayo ya kazi hiyohiyo, bei yake tusiharibiane siku. FreeCAD bei yake ni sifuri, na mradi upo tangu 2002.

Kwa walioulizia sauti: ndiyo, maiki ni mpya. Bonyezeni kengele basi, hiyo maiki nimeilipia.

Tumalizie na ubao mwembamba, niweke 9... Eh! Mfereji umetoboa hadi upande wa pili. Kwa nini... aa. Kina chake niliandika 9 kwa mkono, sikukiunganisha. Msikate hiyo. Narekebisha sasa hivi, tuonane Jumamosi.