Nissan Leaf ya 40 kWh: gari iko tayari, kazi ipo kwenye chaja

Naongelea Nissan Leaf ya kizazi cha pili, ile ya betri ya 40 kWh (kilowati-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba) iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2017, niliinunua ikiwa imeshatumika na ndo gari yangu ya kila siku. Naandika sasa hivi kwa sababu ubishi wa serikali kupiga marufuku gari mpya za petroli umepamba moto kila kona na wengi wanaobishana hawajawahi kukaa na gari ya umeme hata wiki moja. Huyu anasema teknolojia iko tayari, yule anasema bado sana, na mimi nikiwasikiliza naona wote wanaongelea gari tu. Gari iko tayari jamani. Kilichobaki nyuma ni chaja, soketi na nguzo za umeme, na sheria nyingi zimembana mnunuzi na kiwanda huku anayetakiwa kuleta umeme mpaka kwenye maegesho hajapewa tarehe yoyote.

Tuanze na gari yenyewe. Kuendesha ni raha, sitaficha. Mota ni ya kilowati 110 na nguvu yote inakuja papo hapo ukigusa tu pedo, hakuna kusubiri gia, hakuna mngurumo. Kuna kitu kinaitwa e-Pedal, ukiiwasha unaendesha kwa pedo moja, ukiachia mguu gari inajipunguza yenyewe hadi inasimama kabisa na umeme unarudi kwenye betri, na kwenye foleni hiyo ni neema kubwa kwa mguu, pia pedi za breki zinadumu muda mrefu mno. Servisi ni ndogo: hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna klachi, hakuna ekzosi ya kutoboka. Unabaki na matairi, mafuta ya breki, filta ya hewa ya ndani, na ile betri ndogo ya volti 12 ambayo watu wanaisahau, ikifa hiyo gari haiwaki hata kama betri kubwa imejaa. Buti ni kubwa, lita 435, inabeba mizigo ya familia bila kulaza viti.

Sasa umbali, hapa ndo watu wanadanganyana. Kipimo cha Marekani kinasema kilomita 243 kwa chaji moja, kile cha Ulaya kinasema 270. Chukua cha Marekani halafu kipunguze tena. Ukikanyaga mwendo wa barabara kuu umbali unashuka, kwenye baridi unashuka zaidi maana hita inakula umeme wa betri hiyohiyo (gari ya petroli inapashwa na joto la injini ambalo lingepotea tu bure). Na gari iliyotumika betri yake imeshachoka kidogo. Kwenye dashibodi kuna vijipau 12 vya afya ya betri, cha kwanza kinapotea betri ikiwa imeshapungua kama asilimia 15, kwa hiyo ukiona pau zote 12 usishangilie sana, inaweza ikawa imebaki asilimia 86 na bado inaonyesha zote. Mnunuzi mwenye akili anachukua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya fundi chini ya usukani pamoja na apu ya LeafSpy, anasoma asilimia halisi ndo anaanza kuongea bei.

Udhaifu mkubwa wa hii gari unajulikana dunia nzima, betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, inategemea hewa tu. Ukichaji haraka mara moja, poa. Ukiunganisha safari ndefu na chaji za haraka mbili tatu mfululizo betri inapata joto na gari yenyewe inapunguza kasi ya kupokea umeme ili kujilinda, chaji ya nusu saa inageuka ya saa nzima na zaidi. Kwa matumizi ya mjini hutaligusa kabisa hilo tatizo, kwa mtu wa safari ndefu kila wiki hii si gari yake na asishawishiwe na mtu. Jambo la pili ni plagi ya chaji ya haraka, inatumia CHAdeMO, mfumo wa Kijapani, wakati Ulaya ilishachagua CCS na Amerika Kaskazini inahamia ya Tesla. Vituo vipya vingi vinaweka waya mmoja tu wa CHAdeMO au hawaweki kabisa. Leaf mpya iliyoonyeshwa 2025 imeachana na hayo yote mawili kwenye masoko mengi, ina upozaji wa maji na plagi zinazotumika na wengi, lakini hizi za zamani ndo watu wa kawaida wanaweza kuzinunua.

Na hapa ndo nafika kwenye kilichonifanya niandike. Mimi nina sehemu ya kuegesha yenye chaja ya ukutani, gari inapokea kilowati 6.6, naichomeka jioni naamka imejaa, na kwa maisha hayo hii ni gari bora kuliko gari yoyote ya petroli niliyowahi kumiliki, sifikirii mafuta, sipangi foleni popote. Rafiki yangu ana gari hiihii, anakaa fleti ya juu, anaegesha barabarani. Kwake ni mateso. Mwenye jengo hataki kusikia habari ya kuweka soketi, kwa hiyo anategemea kituo cha umma ambapo niliwahi kwenda naye, chaja moja skrini yake imezima, ya pili inataka apu yake yenyewe na apu inakataa kadi, ya tatu inafanya kazi ila waya wa CHAdeMO una mtu na nyuma yake kuna mwingine anasubiri. Gari moja, betri moja, ila mmoja anaishi kwa amani na mwingine anapoteza jioni yake. Mtu akisema gari za umeme ziko tayari au haziko tayari bila kuuliza unaegesha wapi, anapiga kelele tu.

Angalia nchi zilivyofanya. Norway wengi wanasema imepiga marufuku petroli, si kweli, bunge lao 2017 liliweka lengo kwamba ifikapo 2025 gari zote mpya zisiwe na moshi, halafu wakatumia kodi: gari ya umeme ikasamehewa VAT na kodi ya ununuzi kwa miaka mingi, ya petroli ikabebeshwa, na wenye fleti wakapewa haki ya kuweka chaja kwenye maegesho ya jengo lao. Mwaka 2024 karibu asilimia 89 ya gari mpya zilizouzwa zilikuwa za umeme. Watu walizichagua wenyewe kwa sababu kila kitu kilichozunguka gari kilikuwa kimeshaandaliwa.

Uingereza 2020 wakasema mwisho wa kuuza gari mpya za petroli na dizeli ni 2030, 2023 wakasogeza 2035, serikali iliyofuata ikarudisha 2030 ila haibridi, zile za petroli na umeme pamoja, zikaachiwa mpaka 2035. Umoja wa Ulaya ulipitisha 2035 kwa kutaka moshi sifuri, Ujerumani ikabana dakika za mwisho mpaka mafuta ya kutengenezwa kiwandani badala ya kuchimbwa yakapewa nafasi, na Desemba 2025 Tume ya Ulaya ikapendekeza kulegeza, moshi upunguzwe kwa asilimia 90 badala ya 100. California nayo iliweka ngazi za gari mpya zisizo na moshi, asilimia 35 mwaka 2026, 68 mwaka 2030, 100 mwaka 2035, halafu Juni 2025 serikali kuu ya Washington ikafuta kibali chao cha kujiwekea sheria hiyo na kesi ikaenda mahakamani. Sasa mtu wa kawaida anayetaka kununua gari ya kukaa nayo miaka kumi ajipangeje? Na anayetaka kuwekeza kwenye vituo vya chaji ataweka hela yake kwa kuamini tarehe ipi? Huku kuyumba kunaniudhi kuliko marufuku yenyewe, maana kunamuumiza zaidi yule aliyetii mapema.

Ethiopia ndo iliyokwenda moja kwa moja, mwanzoni mwa 2024 ikatangaza kuzuia kuingiza gari za petroli na dizeli. Sababu yao naielewa vizuri, mafuta yanakula fedha za kigeni na umeme wao karibu wote unatoka kwenye maji, na lile bwawa kubwa la GERD lilizinduliwa rasmi 2025. Umeme wa kwako badala ya mafuta ya kununua kwa dola, hiyo hoja ni nzito na inafaa nchi nyingi. Ila nje ya Addis Ababa vituo vya chaji bado ni vichache, kwa hiyo wa mikoani ndo anayebeba uzito.

Kwa hiyo napinga marufuku? Hapana. Moshi wa mijini unaua watu na mimi nikiendesha nyuma ya lori najua kabisa siwezi kutetea kuendelea hivi, na kumbuka sheria zote hizi zinagusa gari mpya au zinazoingizwa nchini tu, hakuna anayekuja kuchukua ya kwako iliyopo nyumbani. Ninachodai ni kwamba tarehe ya gari iende na tarehe ya chaja, na adhabu iwe pande zote. Inawezekana, Ulaya wameshaandika sheria ya kutaka vituo vya chaji ya haraka kila kilomita 60 kwenye barabara zao kuu, na chaja mpya zenye nguvu zikubali kadi ya benki ya kawaida. Uingereza wanataka mitandao ya chaja za haraka iwe inafanya kazi asilimia 99 ya muda. Hizo ndo sheria za kupigiwa kelele, lakini hakuna anayezijadili kwa sababu hazina ladha ya ubishi kama neno marufuku.

Gari naipa nyota nne kati ya tano kwa mwenye pa kuchaji nyumbani, moja nimeikata kwa upozaji wa betri na CHAdeMO. Asiye na pa kuchaji naipa mbili, na hizo mbili ni za uendeshaji tu. Kama unaitafuta, soma afya ya betri kwa LeafSpy kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, uliza dhamana kama bado ipo (wakati wa upya ilikuwa miaka 8 au kilomita 160,000 endapo pau zitashuka chini ya 9), jaribu chaji ya haraka ukiwa na muuzaji pembeni ili ujue soketi inashika, na kabla ya yote hayo nenda kaongee na mwenye nyumba wako kuhusu soketi, akikataa usihangaike hata kwenda kuiangalia gari.