Miezi minane na herufi za Inkscape: uzoefu wangu kutoka Kirumba

Nilikuja Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, kwa shida ya mfuko, si kwa mapenzi. Miaka minne nilikaa kwenye steshenari ya mtu karibu na Makoroboi, hapa Mwanza, nikitengeneza kadi za harusi na mabango ya fleksi kwa CorelDRAW, programu ya aina hiyohiyo ila ya kulipia. Nilipotoka kujitegemea na kupanga kibanda Kirumba, leseni ilinishinda, na ile ya kuchakachua sikuitaka tena baada ya virusi kula kazi za wateja. Inkscape ni ya bure, ipo tangu 2003, na inafunguka kwenye laptopu yangu chakavu bila kununa. Ninachotaka kusimulia ni vitufe vyake vya kubadilishia zana tu, maana hivyo ndivyo vilivyonitesa na ndivyo vilivyonifanya nibaki.

Mateso yalianzia kwenye safu ya F, vile vitufe vya juu ya kibodi, F1 hadi F12. Mkono wangu ulikuwa umeshakariri za Corel: F6 mstatili, F7 duara, F8 maandishi. Inkscape nayo inazo, ila imezipanga kivyake: F4 mstatili, F5 duara, F6 penseli, F7 kuchota rangi. F8 peke yake ndiyo ndugu, maandishi huku na huku. Basi nataka mstatili, nabonyeza F6, navuta mausi, kinatoka kimstari kilichopinda kama njia ya mbuzi. Tena laptopu yangu ni ya zile ambazo F haifanyi kazi mpaka uishike pamoja na Fn. Ukisahau, mwanga wa skrini unafifia au muziki unapaa. Mteja kaketi mgongoni kwako anasubiri kadi, wewe unampandishia singeli.

Njia ya mkato ipo. Ukibonyeza Ctrl+Shift+P unaingia kwenye mipangilio, na kwenye sehemu ya kibodi utakuta mipango ya vitufe iliyotengenezwa tayari, mmojawapo wa kuiga CorelDRAW. Niliuweka siku mbili nikautoa. F zilezile, Fn ileile. Nikaamua kujifunza herufi, maana hizo ziko katikati ya kibodi na kidole kinazifikia bila macho kushuka.

Tatizo la herufi ni kwamba zimetokana na majina ya Kiingereza, na dogo ninayemfundisha kazi Kiingereza hakimkai. Tukakaa jioni moja umeme umekatika, tukazitafutia maneno yetu. S ni shika, kwa sababu ndiyo zana ya kuchagua na kusogeza. N ni nukta, zile nukta za kwenye mstari unazovuta kupinda umbo. Hii ilikuja yenyewe, hatukuhangaika. R ni rafu, maana rafu ni mstatili. E ni embe, kwa zana ya duara. D ni donoa, kama kuku: unadonoa rangi kwenye picha inahamia kwenye umbo ulilochagua. T ni taipu. Kwenye B, zana ya kuchora mistari ya kupinda, tulikwama, nikamwambia ukweli kwamba ni Bézier, Mfaransa aliyekuwa injinia wa magari ya Renault, na mistari hiyo ya kupinda ilimsaidia kuchora bodi za gari. Hilo ndilo alilolikariri haraka kuliko yote. Dogo anapenda magari.

Halafu nikaificha safu ya zana ya upande wa kushoto kabisa, isionekane. Wiki ya kwanza nililaani. Ya tatu nilikuwa nimeshaisahau.

Nielezee kazi moja ndipo mtaelewa. Mama mmoja anayekaanga dagaa pale Mwaloni alitaka lebo ya pakiti. Mkono wa kulia uko kwenye mausi, wa kushoto kwenye herufi. B, nabofya kuzunguka mwili wa samaki, Enter. N, navuta nukta mgongo upinde. E, jicho. Spesi inanirudisha kwenye kushika, nasogeza jicho. Nikiigonga tena inanirudisha kwenye duara nilikotoka. Nachagua mwili, D, nadonoa ile fedha ya dagaa kwenye picha aliyonitumia. Mausi haikukimbilia pembeni hata mara moja. Mama akasogea, akatazama, akasema, "Mwanangu, huyu mbona sato?" N tena, nikamkondesha mbele ya macho yake mpaka akacheka.

Sasa aibu yangu. Ukiwa ndani ya maandishi, herufi ni herufi. Ukibonyeza S ukidhani unashika, unaandika S. Nilikuwa natengeneza bango la sendofu, kibodi iko kwenye herufi kubwa, nikamaliza mstari, nikabonyeza S, nikaona zana haijabadilika, nikachukua mausi nikaendelea na mambo mengine. Likaenda kuprintiwa hivyo: KARIBUNI KWENYE SENDOFU YA BINTI YETUS. Baba mdogo wa binti akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, hicho ni Kilatini?" Fleksi ya pili nililipa mimi. Dawa yake ni F1, inakutoa hata kishale kikiwa katikati ya neno, na hiyo ndiyo F pekee ninayokubali kuhangaika na Fn kwa ajili yake.

Kingine kisichonifurahisha ni nyota. Kitufe chake ni alama ya nyota yenyewe, maana yake Shift na 8, vidole viwili kwa kitu ambacho kila bango la duka jipya linakitaka. Na rangi, ingawa hilo si la vitufe: Inkscape inafanya kazi kwa rangi za skrini, kwa hiyo kabla ya kuprinti kazi kubwa natoa kwanza kipande kidogo cha majaribio, la sivyo bluu ya ziwa inatoka zambarau.

Juzi nilienda kumshikia bosi wangu wa zamani duka lake kwa siku moja. Corel ileile ya miaka minne. Nikabonyeza F4 nikitegemea mstatili, ukurasa ukakimbia kunionyesha kazi nzima.

Karatasi ya maneno yetu imebandikwa ukutani kibandani, juu ya printa. C, ile kalamu ya kuandikia mwandiko wa mapambo, bado haina neno. Dogo anasema tuandike "chapati", mimi nimekataa.