Mafunzo ya Kusukuma Mafuta kwa Kemikali, Kisumu

Nilihudhuria mafunzo ya siku moja katika maabara ya binafsi jijini Kisumu, ambako tulionyeshwa jinsi maji yenye polima (kemikali ya molekuli ndefu sana) yanavyosukuma mafuta ya petroli ghafi yaliyosalia ndani ya kipande cha mwamba baada ya maji matupu kushindwa. Mkufunzi alifafanua vizuri sana kwamba polima huyafanya maji kuwa mazito, mithili ya uji mwepesi, ili yasiyapite mafuta na kuyaacha nyuma. Alitaja Daqing, eneo la visima vya mafuta nchini China, ambako njia hiyo imetumika kwa upana tangu miaka ya 1990. Kilichonisikitisha ni kwamba jaribio lilifanywa kwa maji ya bomba, ilhali chumvi iliyomo katika maji ya chini ya ardhi hupunguza uzito huo. Wakiongeza jaribio la maji yenye chumvi, nitarudi na wanafunzi wangu.