Brashi ya mkono au brashi ya hewa? Cha kununua kwanza kwa anayepaka rangi modeli za plastiki

Hela ya kwanza iende kwenye brashi za mkono, ya pili kwenye rangi, na brashi ya hewa, yaani kifaa kinachopuliza rangi kwa hewa ya kompresa, isubiri mpaka ujue ni modeli za aina gani unazopenda kujenga. Huo ndio msimamo wangu, na wauzaji wengi hawataupenda. Chukua ndege ya kivita ya Spitfire ya kipimo cha 1/72: bawa hadi bawa haifiki sentimita 16. Brashi bapa ya milimita 10 inaimaliza kabla chai haijapoa. Kununua kompresa kwa ajili yake ni kukodi fuso kubeba gunia moja la mkaa.

Nafasi ya kwanza: brashi tatu za mkono

Tatu zinatosha kuanzia: bapa ya milimita 10 yenye nywele za sintetiki, ya mviringo namba 2, na nyingine namba 0. Wengi hukimbilia zile nyembamba kabisa, namba 000, wakidhani ndizo za kazi ndogondogo. Hazifai. Zinabeba tone dogo mno, na katika joto letu rangi hukauka kwenye nywele kabla hujafika kwenye modeli. Namba 2 yenye ncha kali inachora mstari mwembamba vilevile, na inabeba rangi ya kutosha kuumaliza.

Ukiwa dukani, omba maji kidogo. Lowesha brashi, ikung'ute mara moja, kisha itazame kwenye mwanga. Nywele zikijikusanya kuwa ncha moja, nunua. Zikigawanyika mbili, irudishe hata kama ina jina kubwa. Brashi za manyoya ya kolinsky, kama Winsor & Newton Series 7 au Raphaël 8404, ni nzuri mno kwa nyuso za wanajeshi wa 1/35, lakini ni ghali. Usizichovye kwenye rangi ya mafuta wala praima (rangi ya msingi inayotangulia). Kazi hizo ziachie brashi za sintetiki. Na brashi yoyote ile, rangi isipite nusu ya nywele. Ikifika kwenye bati linaloshika nywele na kukauka humo, ncha haitarudi tena.

Kinachowakatisha tamaa watu wa brashi mara nyingi ni rangi. Akriliki za Tamiya ni tamu sana kwenye brashi ya hewa, lakini kwa mkono zinasumbua: mkono (tabaka) wa pili unaulainisha wa kwanza na kuubandua. Vallejo Model Color, ambayo ni ya maji, imeundwa kwa brashi na inatii. Rangi za mafuta za Humbrol nazo hutandaa vizuri, ila uwe na subira, maana zinachelewa kukauka. Kwa rangi ya maji, ongeza maji kidogo kwenye sahani, paka mkono mwembamba, uache ukauke, kisha rudia. Mikono miwili au mitatu ndiyo kawaida. Usirudi nyuma kusawazisha sehemu iliyoanza kukauka. Hapo ndipo michirizi inapozaliwa. Nyeupe, njano na nyekundu zitakudai mikono zaidi, kwa hiyo tanguliza rangi hafifu chini yake.

Nafasi ya pili: kopo la kupuliza

Hili linadharauliwa bure. Kopo moja la praima linafunika modeli nzima kwa usawa, kisha brashi za mkono zinaendelea. Kwa gari la rangi moja inayong'aa, makopo ya Tamiya ya mfululizo wa TS yanatoa bodi safi kuliko brashi yoyote ya mkono. Shida ni upatikanaji. Makopo yenye gesi ni mzigo hatari, hivyo hayatumwi kwa posta ya kawaida ya ndege. Ukiangukia kopo la rangi ya magari kutoka duka la vipuri, lijaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande. Kuna yanayotafuna plastiki.

Nafasi ya tatu: brashi ya hewa, kwa anayeihitaji kweli

Kuna kazi ambazo mkono hauziwezi. Yale mabakamabaka yenye kingo za ukungu kwenye ubavu wa Messerschmitt Bf 109 ya mwisho wa vita ni mfano mzuri. Nyingine ni ndege zenye ngozi ya chuma kitupu. Ukijikuta unanunua modeli za namna hiyo moja baada ya nyingine, muda umefika.

Ila piga hesabu yote. Brashi yenyewe ni mwanzo tu: kuna kompresa, mpira, kirekebisha presha, kichujio cha maji, thina, barakoa yenye vichujio vya mvuke (ya kitambaa haisaidii kitu) na feni ya kutoa moshi wa rangi nje. Kila rangi unayobadilisha ni kusafisha. Kwa ndege ndogo ya rangi tatu, unaweza kutumia muda mrefu zaidi kuosha kuliko kupuliza.

Chagua ya vitendo viwili: ukibonyeza inatoka hewa, ukivuta nyuma inatoka rangi. Kikombe kiwe juu, nozeli (tundu la kutokea rangi) ya milimita 0.3 au karibu na hapo. Ya 0.2 huziba upesi na akriliki. Iwata Eclipse HP-CS (0.35) na Evolution ya Harder & Steenbeck ya Ujerumani ni chaguo la kudumu, kwa sababu nozeli zao hukaa bila kukazwa kama skrubu; zile ndogo za kukaza kwa spana hukatika kirahisi mkononi mwa anayejifunza.

Kompresa iwe na tangi, hata la lita 3, la sivyo hewa inatoka kwa mapigo na rangi nayo inadundadunda. Utapulizia kwa presha ya kati ya psi 15 na 20. Kwa aliye Mombasa, Tanga au Unguja, kichujio cha maji si anasa: unyevu wa pwani hugeuka matone ndani ya mpira, na tone moja linaharibu bawa zima. Angalia pia volti. Mashine ya soko la Japani au Marekani haiendani na umeme wetu wa volti 230 hadi 240. Kama nyumbani kuna kompresa ya gereji, itumie hiyo, mradi uifunge kirekebisha presha na kichujio. Kelele utajuana na majirani.

Vya kuruka

Seti za bei ya kutupa zenye brashi na kikompresa cha kuchaji vikiwa kimoja zinawafaa wapambaji wa keki na kucha kuliko sisi. Presha yake mara nyingi haidhibitiki vizuri, na betri huisha katikati ya bawa. Na hata kwa brashi ya hewa ya heshima, muulize muuzaji kama anauza sindano na nozeli za modeli hiyohiyo. Akisita, nunua kwingine, kwa sababu sindano utaipinda tu, na ikipinda rangi inaanza kutema matone.