Kliniki ya sheria ya bure hapa Melbourne, kwa waliokataliwa viza ya hifadhi

Ndugu zangu mlioombea hifadhi hapa hapa Australia, nawaandikia kuhusu kliniki ya sheria iliyonisimamia baada ya wizara ya mambo ya ndani kunikatalia viza ya hifadhi, ile ya namba 866. Jina lao siliweki hadharani kwa sababu nina malalamiko pia. Anayelihitaji aniulize inbox.

Kinachonifanya niwasifu ni jinsi wanavyoisoma barua ya kukataliwa. Wakili wangu, dada mpole lakini asiyepokea jibu la juu juu, aliichapisha yote, akaipitia aya kwa aya na penseli mkononi: hapa wameamini, hapa hawakuamini. Kumbe ofisa alikubali kwamba mimi ni mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kwamba kaka yangu alitekwa. Alichokataa ni kwamba waliomteka wananitafuta na mimi, tena akaandika kwamba ningeweza kuhamia Kinshasa nikaishi salama. Nguvu zetu zote zikaenda hapo. Wakili akaniuliza: Una nani Kinshasa? Nani angekupangisha? Mwenye sura na lafudhi yako anatazamwaje kule siku hizi? Majibu yangu yakawa maelezo ya maandishi, yakaambatanishwa na ripoti za hali ya Kivu tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025.

Walinisisitizia pia nisiweke jambo lolote akiba hadi siku ya kikao cha baraza linalosikiliza rufaa. Dai ambalo hukulitaja wizarani, sheria inalitaka baraza lilitilie shaka kama huna sababu ya maana ya kuchelewa kulisema.

Baraza lenyewe ni Administrative Review Tribunal, lililochukua nafasi ya baraza la zamani, AAT, tarehe 14 Oktoba 2024. Linasikiliza kesi upya. Kikao ni cha faragha, kinarekodiwa, na mkalimani humlipii wewe. Maswali unaulizwa wewe mwenyewe, si wakili, ndiyo maana mazoezi ya kujibu maswali tuliyofanya kliniki yana thamani kubwa.

Sasa malalamiko. Simu yao inaita tu, hakuna anayepokea. Bora uende mwenyewe asubuhi. Na siku ya kwanza kijana wa mapokezi alinitaka nieleze habari za kaka yangu pale pale kwenye viti, watu wamejaa. Hilo liliniumiza sana. Mtu aliyekimbia vita haulizwi mambo hayo mbele za watu. Nilimwambia wakili, na kuanzia hapo nikawa napelekwa chumbani, mlango umefungwa. Mjue pia kwamba hawaendi na kila mtu kwenye kikao. Jirani yangu Mrundi walimsaidia fomu na maandishi tu, kikaoni akaenda peke yake.

Mimi baraza lilinikubalia. Viza hawatoi wao. Wanarudisha faili wizarani na maelekezo, kisha unasubiri vipimo vya afya na ukaguzi wa polisi. Kufungua rufaa hulipi kitu mwanzoni, ila ukishindwa unadaiwa zaidi ya dola 2,000, kwa hiyo waulize mapema kesi yako ina uzito gani.

Kama hujazuiliwa na uhamiaji, una siku 28 za kufungua rufaa tangu ujulishwe uamuzi, na baraza halina ruhusa ya kukuongezea hata moja. Usingoje wakupigie. Nenda na barua yote, kurasa zote, pamoja na ile barua pepe ya wizara yenye tarehe.