Uzoefu wangu na kipimo cha maziwa cha infraredi: yaelewe mafuta kwanza

Natumia kile kipimo cha mkononi cha mwanga wa infraredi ya karibu kupimia maziwa mabichi ya ng'ombe, na naandika haya kwa sababu wengi wanakinunua wakidhani unamimina maziwa, unabonyeza, namba inatoka, basi. Jamani sio hivyo. Kifaa ni kizuri na ninakipenda kwa kweli, ila mafuta yanakitawala kuliko inavyoelezwa kwenye karatasi yake ya maelekezo.

Iko hivi. Mafuta kwenye maziwa yanaelea kama vitone, sehemu kubwa ya mafuta iko kwenye vitone vya upana wa mikromita 1 hadi 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na mwanga ukivigonga unatawanyika kama taa za gari kwenye ukungu. Changu kinapitisha mwanga upande mmoja na kuupokea upande wa pili, kwahiyo mwanga unaofika umepungua kwa mambo mawili kwa mpigo, kuna uliofyonzwa na kuna uliopotezwa njia na vitone, na sensa yenyewe haijui upi ni upi, ni hesabu za kalibresheni (zile zinazogeuza mwanga kuwa asilimia, zilizotengenezwa kwa sampuli ambazo vipimo vyake vinajulikana) ndizo zinajaribu kutenganisha. Mafuta yakiongezeka mstari mzima wa spektra (mchoro wa mwanga uliopotea kwa kila urefu wa wimbi) unapanda juu, sio pale kwenye alama ya mafuta peke yake, yaani wimbi ambalo mafuta hulifyonza. Hata maziwa yaliyotolewa mafuta bado yanatawanya mwanga, sababu kuna kesini, protini ya maziwa, humo ndani.

Sasa kwa maziwa mabichi kinanifurahisha mno. Chukua maziwa ya mwanzo ya kukamua na ya mwisho, ng'ombe huyo huyo, kifaa kinaonyesha tofauti wazi kabisa, maana ya mwisho siku zote yana mafuta mengi, na nikilinganisha na Gerber, njia ya maabara ya kupima mafuta (ile ya asidi na mashine ya kuzungusha) zinakaribiana vizuri tu. Lakini weka maziwa ya pakiti yaliyohomojenaizwa uone, namba inapotoka, wakati mafuta ni asilimia ile ile! Vitone vimevunjwa vikawa chini ya mikromita 1 au 2 hivi, mtawanyiko umebadilika, na kalibresheni ya maziwa mabichi haiwezi kujua hilo. Kwa hiyo kama unapima aina zote mbili dai kalibresheni mbili, usikubali kuambiwa moja inatosha.

Halafu joto. Hapa ndipo watu wanalalamika kifaa kibovu kumbe maziwa yametoka kwenye friji. Alama ya mafuta ninayotegemea iko karibu na nanomita 930 na ya maji iko karibu na 970, zimebanana, na maziwa yakipata joto ile ya maji inasogea kuelekea mawimbi mafupi, yaani upande wa mafuta kule kule. Na maji ni kama asilimia 87 ya maziwa, kwahiyo alama hiyo ikisogea kidogo tu ni kosa kubwa kwenye namba yako. Mafuta yenyewe yakiwa baridi yameganda, yanalainika yote ukifika kama nyuzi 40. Mimi napasha kwenye maji ya uvuguvugu mpaka hapo, nageuza chupa taratibu juu chini mpaka ule utando wa malai ulioganda shingoni uachie wote, ndio namimina. Usitikise kwa nguvu, povu nalo linatawanya mwanga.

Protini siwezi kuisifia sana. Kwenye mawimbi haya mafupi alama yake ni hafifu na mtawanyiko wa mafuta unaifunika, sampuli yenye malai mengi inanipa protini ambayo siiamini kabisa, hapo bora maabara. Laktosi, ile sukari ya maziwa, ndio hata sihangaiki nayo.

Kitu kingine, kioo cha kifaa kinachopitisha mwanga kwenye maziwa. Ukishapima maziwa mazito, kwenye kioo inabaki filamu nyembamba ya mafuta ambayo kwa macho huioni vizuri, ila sampuli inayofuata inasomeka ina mafuta kuliko yaliyomo. Maji baridi hayaitoi. Maji ya moto kiasi na sabuni kidogo, suuza mpaka sabuni iishe, halafu pima maji safi matupu uone kama mstari umerudi pale pale. Usiporudi, osha tena ndio uweke sampuli nyingine.