Kikokotoo cha kutafutia pembe: kipi ununue Bukavu

Mwanafunzi anaandika arcsin 0,5 daftarini. Fundi wa paa anagawa kimo kwa urefu wa kombamoyo. Wote wanatafuta pembe kutokana na sini yake, na wote wanahitaji mashini yenye sin⁻¹ (ndiyo hiyo arcsin) juu ya kitufe cha sin. Ile ya dukani ya kujumlisha na kugawa tu, iache hapo hapo, hata ikiwa na vitufe vya kupendeza.

1. Casio fx-82MS. Kwa watu wengi hii inatosha. Inatumia betri moja, AA au AAA kulingana na toleo, yaani ile ya saa ya ukutani au ya rimoti, na hizo sokoni Kadutu, hapa Bukavu, hazikosekani. Kabla ya kulipa, iwe kwa faranga au dola, bonyeza SHIFT, sin, 0.5, =. Jibu liwe 30. Ukiona 0.5236, mashini iko kwenye radiani, ukiona 33.333, iko kwenye gredi, yaani vipimo vingine vya pembe badala ya digrii. Si mbovu: bonyeza MODE mpaka neno Deg (digrii) litokee, kisha uchague namba yake. Ikikataa, SHIFT, MODE, 3, = hurudisha kila kitu kama ilivyotoka kiwandani.

Makosa mawili huwasumbua sana wanaoanza. Daftarini tunaandika 0,5 kwa mkato, lakini mashini inataka nukta. Kitufe cha mkato kipo kwa kazi nyingine, na ukikitumia hapa utapata Syn ERROR. La pili ni mabano. Ukiandika sin⁻¹ √3 ÷ 2, mashini inaanza na sin⁻¹ ya √3, ambayo ni 1.732, na hakuna pembe yenye sini inayozidi 1: Math ERROR. Andika sin⁻¹ (√3 ÷ 2), upate 60.

Kwa fundi: kimo mita 1, kombamoyo mita 2.5. Sini ni 0.4, pembe ni 23.578. Bonyeza kitufe cha °’” isomeke digrii 23, dakika 34, sekunde 41, ingawa juu ya paa nani atapima sekunde?

2. Casio fx-991ES PLUS. Inaonyesha sehemu na kipeo kama ulivyoviandika kwenye karatasi, na mabano ya sin⁻¹ inayafungua yenyewe. Digrii ziko SHIFT, MODE, 3. Bei yake iko juu zaidi, na ndani kuna betri ya kifungo ya LR44, ambayo si kila butiki inayo. Mwanga nao unaisaidia, ila kwenye nakala za bandia kioo cha jua huwa pambo tu. Muuzaji akikubali kufungua skrubu, toa betri, kisha weka mashini juani: ikizimika kabisa, omba ashushe bei au ondoka.

3. Simu. Ni bure, lakini chaji ikiisha umeme haupo, hesabu zimelala, na darasani huenda isiruhusiwe. Uliza shule kwanza. Ili upate sin⁻¹, kwenye Android tafuta INV, kwenye iPhone laza simu ubonyeze 2nd. Usidanganywe na kitufe cha Deg au Rad: mara nyingi kinaonyesha hali utakayohamia, si uliyomo. Jaribu 0.5 kama ilivyoelezwa juu.

4. Jedwali la sini. Halihitaji betri. Kwa 0.4 utaona iko kati ya 0.3987 (digrii 23 na dakika 30) na 0.4003 (digrii 23 na dakika 36), kisha unakadiria. Kwa paa, inatosha.

Yoyote utakayochukua, usiirudishe dukani kwa sababu imekupa 30 huku mwalimu akitaka 150. Sin⁻¹ hutoa pembe kati ya −90 na 90 peke yake. Pembe butu unaitoa mwenyewe: 180 − 30.